Njia Ndefu na Njia Fupi: Mbio za Farasi Tangu Madina Hadi Leo



Katika darasa la sira la watoto wetu hapa Buyenzi, ustadh alisoma habari ya mbio za farasi ambazo Mtume (S.A.W.) alizifanya mjini Madina. Alipofika pale panaposemwa kwamba farasi wengine walipewa njia ndefu na wengine njia fupi, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Ustadh, kwa nini hao wengine walipunguziwa? Huo si upendeleo?" Ustadh akacheka, akamwambia, "Mwanangu, swali lako zuri, tutalijibu wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa wiki tatu, maana kila tulipofungua kitabu tulikuta mlango mwingine nyuma yake. Makala hii imetokana na swali hilo.

Kwanza tukiri kwamba watoto wetu farasi hawamjui ila kwenye televisheni. Mnyama huyu hakuenea huku kwetu, na sababu kubwa ni maradhi: mbung'o anayeambukiza nagana, na ule ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na vijidudu warukao usiku. Hata pwani, mahali ambapo Waarabu walifika na mizigo yao karne kwa karne, aliyeshika kazi ni punda. Nenda Lamu wakati wa Maulidi utaona mbio za punda, na watu wanazishangilia kwa nguvu zote. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya farasi hatuzungumzi mambo ya nyumbani, na tumejitahidi kueleza kila kitu tangu mwanzo.

MBIO ZA MADINA

Habari yenyewe imepokewa na Abdullah bin Umar (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa maneno yetu ni hivi: Mtume (S.A.W.) alifanya mbio mbili. Farasi waliokuwa wametayarishwa walianzia mahali paitwapo Hafyaa na kuishia Thaniyyatul Wadaa. Farasi ambao hawakutayarishwa walianzia hapo hapo Thaniyyatul Wadaa na kuishia kwenye msikiti wa Bani Zurayq. Na Ibn Umar mwenyewe alikuwa mmoja wa walioshindana.

Wapokezi hawakutuacha bila vipimo. Sufyan ath-Thawri anasema kutoka Hafyaa mpaka Thaniyya ni maili 5 au 6, na kutoka Thaniyya mpaka msikitini ni maili 1. Musa bin Uqba anasema ile ya kwanza ni maili 6 au 7, na ya pili ni maili moja au karibu yake. Maili ya Waarabu wa zamani inakaribia kilomita 2, kwa hiyo njia ndefu ilikuwa kama kilomita 10 na zaidi kidogo, na njia fupi haikufika kilomita 2. Tofauti hiyo si ndogo. Njia moja ilikuwa mara tano au sita ya mwenzake.

Sasa, "kutayarishwa" ni nini? Hapa ndipo jibu lilipo. Waarabu waliita kazi hiyo idhmaar. Wanavyuoni walioisherehesha hadithi hii wanaeleza kwamba farasi alilishwa vizuri mpaka akanenepa na kupata nguvu. Kisha chakula chake kikapunguzwa, akabaki na kile cha kumtosha tu. Akaingizwa katika banda, akafunikwa nguo mpaka akatoka jasho, na jasho lile lilipokauka nyama yake ikawa nyepesi na ngumu, pumzi ikawa ndefu. Farasi wa namna hiyo anaweza kuambiwa akimbie kilomita 10. Farasi aliyetolewa malishoni asubuhi ile, tumbo limejaa majani, ukimlazimisha njia hiyo hiyo utamuumiza, na huenda ukamuua.

Basi hakuna aliyependelewa. Kila mnyama alipewa masafa ya hali yake. Na tazameni kwamba wale ambao hawakutayarishwa hawakuambiwa wakae pembeni watazame. Walipewa mbio yao, na mstari wao wa kuanzia ulikuwa pale pale wenzao walipomalizia. Sisi tunaona katika jambo hilo kuna heshima kubwa kwa mwenye farasi wa kawaida, yule ambaye hakuwa na shayiri ya ziada wala siku nyingi za kufanya idhmaar.

Katika Abu Dawud kuna riwaya nyingine ya Ibn Umar, fupi sana, kwamba Mtume (S.A.W.) alipowashindanisha farasi aliwapa farasi waliotimiza umri mwisho wa mbio ulio mbali zaidi. Neno lililotumika ni la farasi aliyemaliza miaka 5, meno yake yameshakamilika. Tafadhali mliweke akilini hilo la miaka 5, tutalirudia.

Jambo jingine lililotufurahisha. Katika riwaya moja ya Muslim, Ibn Umar anasema alifika wa kwanza, na farasi wake akaruka naye mpaka msikitini. Kwa kuwa msikiti ulikuwa mwisho wa ile njia fupi, tunafahamu kwamba alikuwa katika kundi la farasi ambao hawakutayarishwa. Huyu ndiye kijana aliyerudishwa siku ya Uhud kwa sababu alikuwa na miaka 14, akaruhusiwa siku ya Khandaq alipokuwa na miaka 15. Tumezoea kumfikiria kama mzee wa fatwa, anayefuata sunna hatua kwa hatua; ni vizuri watoto wamwone pia juu ya farasi asiyekamatika.

(Imam Bukhari naye ana mambo yake. Hadithi hii ya farasi ameileta pia katika kitabu cha Sala, kwa ajili ya suala moja tu: je, inafaa kuuita msikiti "msikiti wa Bani fulani"? Wanaobishana kila Ijumaa kuhusu majina ya misikiti ya mtaani wasome hapo.)

ULIPOKUWA HAKUNA ADABU

Ili mtu ajue thamani ya mbio za Madina, atazame zile za Jahiliya. Mashuhuri kuliko zote ni mbio za farasi Dahis na Ghabraa, baina ya kabila la Abs na la Dhubyan. Qays bin Zuhayr wa Abs ndiye mwenye Dahis, na aliyeshindana naye ni Hudhayfa bin Badr. Wakaweka dau la ngamia. Masafa waliyopatana yalikuwa ghalwa 100, yaani mara mia ya umbali ambao mshale hufika ukitupwa kwa nguvu.

Njia ndefu namna hiyo haionekani yote na watu waliosimama mwisho wake. Ikapita mabonde, na katika bonde moja wakawekwa watu wamejificha. Dahis alipopita akiwa mbele, wakamtokea usoni na kumrudisha nyuma. Hila ikajulikana, dau likagombewa, damu ikamwagika, na vita vikaendelea, kama wasemavyo wanahistoria wa Waarabu, kwa muda wa miaka 40. Watu waliozaliwa baada ya mbio walikufa kwa ajili ya mbio.

Kwa hiyo masafa marefu yana hatari mbili, ya mnyama na ya uaminifu. Uislamu haukuja kuzifuta mbio. Ulikuja na mipaka: mwanzo unaojulikana, mwisho unaojulikana, farasi wanaolingana, na zawadi isiyokuwa kamari. Wanavyuoni wamelifafanua suala la zawadi kwa urefu, na leo hatutaingia huko.

KUIKATA NJIA VIPANDE

Dola za Kiislamu zilipopanuka likatokea tatizo jipya. Barua ya Khalifa lazima ifike mbali na upesi, na hakuna farasi wa kufanya kazi hiyo peke yake. Jawabu likawa ni barid, posta ya vituo. Inasemwa Muawiya (R.A.) ndiye aliyeipanga, na Abdul Malik bin Marwan akaiimarisha, ingawa Warumi na Waajemi walikuwa na zao kabla. Mjumbe alifika kituoni, akashuka, akapanda farasi mwingine aliyepumzika, akaendelea.

Aliyeipa nguvu upya ni Sultani Baybars wa Misri katika miaka ya 1260. Wamongolia walikuwa mpakani, wapiganaji wa vita vya msalaba walikuwa pwani ya Sham, naye alitaka habari mara mbili kwa wiki. Kutoka Damascus hadi Cairo barua yake ilifika kwa siku 4. Anayeitazama ramani, pamoja na jangwa la Sinai katikati, ataelewa ni kasi gani hiyo. Lakini siri yake ni kwamba barua ndiyo iliyosafiri masafa marefu. Kila farasi alisafiri masafa mafupi, kisha akapewa maji na majani.

Kwa watoto wa hapa tuliwapa mfano wa vijana wanaoteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama. Mteremko wote ule anauchukua mtu mmoja na baiskeli moja, na kila mtu mjini anajua wanavyoumia. Baybars asingekubali hivyo, angeweka baiskeli mpya kila kilima.

BERLIN NA VIENNA, 1892

Karne nyingi baadaye, Oktoba 1892, maofisa wa jeshi la Ujerumani na wa Austria-Hungaria walishindana kwa farasi. Wajerumani walitoka Berlin kwenda Vienna, Waaustria walitoka Vienna kwenda Berlin, njia ya karibu kilomita 580. Farasi mmoja, mpandaji mmoja, hakuna kubadilisha. Mshindi alikuwa ofisa wa Austria aitwaye Starhemberg, ambaye alitumia muda usiofika saa 72. Alishangiliwa, akapewa zawadi. Farasi wake, Athos, akafa.

Hakuwa peke yake. Farasi zaidi ya 20 walikufa katika mbio zile, wengine njiani, wengine baada ya kufika. Magazeti ya Ulaya yalilaani, na wenye jeshi wakaingia aibu. Tumelisoma tukio hili tukakumbuka hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipompita ngamia ambaye mgongo wake umegandamana na tumbo, akawaonya watu wamche Allah katika wanyama hawa wasioweza kusema, wawapande wakiwa wazima. Maofisa wale walikuwa watu wanaojua farasi kuliko sisi. Hawakukosa elimu, ila hapakuwa na mtu njiani mwenye mamlaka ya kuwaambia: wewe, shuka, farasi wako amechoka.

MLIMA MMOJA WA CALIFORNIA

Mtu huyo wa njiani alikuja kupatikana baadaye, na mahali penyewe ni Marekani. Kule jeshi lilifanya majaribio mwaka 1919 na miaka iliyofuata: maili 300 kwa siku 5, maili 60 kila siku, na farasi wa asili ya Kiarabu walionekana kuwa hodari, wadogo wa umbo lakini hawaishiwi pumzi. Mwaka 1955 mfanyabiashara wa Auburn, California, Wendell Robie, alibishana na wenzake kama farasi wa siku hizi anaweza kwenda maili 100, kama kilomita 160, kwa siku moja. Akatandika farasi wake wa Kiarabu, yeye na wachache, wakatoka Tahoe City, wakavuka milima ya Sierra Nevada, wakafika Auburn kabla ya saa 24 kutimia. Mbio hizo zinaitwa Tevis Cup na zipo mpaka leo.

Kilichozitofautisha na Berlin ni daktari wa mifugo. Njiani kuna vituo, na kila kituo farasi anasimamishwa. Anahesabiwa mapigo ya moyo, anatazamwa kama anachechemea, anabanwa ngozi kuona kama amekaukiwa maji, anasikilizwa matumbo kama yanafanya kazi. Farasi aliyepumzika moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Mbioni hupanda sana, na kinachotazamwa ni upesi wa kushuka. Usiposhuka, safari imekwisha, hata ukiwa wa kwanza, hata ukiwa umebakiwa na kilomita 5. Katika Tevis karibu nusu ya wanaoanza hawamalizi. Na tangu 1964 kuna kikombe cha pili, Haggin Cup, ambacho hutolewa kwa farasi mwenye hali nzuri kuliko wenzake katika 10 wa mwanzo.

Mwaka 1972 waendeshaji wa Marekani wakaunda chama chao cha mbio za masafa, AERC. Msemo wao ni kwamba anayemaliza ndiye aliyeshinda. Hapo ndipo swali la kijana wetu wa Buyenzi likajitokeza tena, kwa lugha nyingine. Chama kilikuwa na mbio za maili 50 na zaidi, na watu wakaomba ziwepo za masafa mafupi, kuanzia maili 25. Baadhi ya wakongwe wakadharau. Kwao, maili 25 si masafa, ni matembezi. Waliozitaka walikuwa wenye farasi wachanga, farasi wazee, watu wenye kazi na watoto, na watu wanaoanza tu.

Kuna hoja moja katika mjadala huo ambayo hatukuitarajia. Tulidhani masafa mafupi ndiyo salama siku zote. Kumbe mtu akiona njia ni fupi huwa anafukuza, na farasi wa maili 25 anaweza kuumizwa kwa kasi kuliko wa maili 50 aendaye kwa mwendo wa kiasi. Kwa hiyo waliweka kanuni ya busara: katika mbio fupi kuvuka mstari si kumaliza. Saa ya farasi husimamishwa pale mapigo ya moyo wake yanaposhuka hadi 60 kwa dakika. Anayekimbiza mwisho anajichelewesha mwenyewe, maana atakaa akisubiri moyo utulie huku mwenzake aliyekuja polepole anaandikwa kabla yake.

Na umri? Katika chama hicho farasi wa mbio fupi lazima awe ametimiza miezi 48, na wa maili 50 na kuendelea awe ametimiza miezi 60. Miezi 60 ni miaka 5. Warudie wanafunzi riwaya ile ya Abu Dawud.

GHUBA YA LEO

Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilifanya ubingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za masafa nchini Italia mwaka 1986. Leo linazipanga mbio zake kwa nyota: moja ni kilomita 100 hadi 119, mbili ni 120 hadi 139, tatu ni 140 hadi 160. Hakuna farasi anayeruka kutoka chini hadi juu. Anapanda ngazi kwa kumaliza, na mpandaji vile vile.

Mwaka 1998 ubingwa wa dunia ulifanyika Dubai, na aliyeshinda alikuwa mwanamke wa Kimarekani, Valerie Kanavy. Mwaka 2002 huko Jerez, Hispania, ushindi ukaenda kwa Sheikh Ahmed bin Mohammed Al Maktoum. Tangu hapo Ghuba imekuwa kitovu cha mchezo huu, na jamaa zetu waliohamia Muscat, Dubai na Abu Dhabi wanajua vijiji vya mbio vilivyojengwa jangwani.

Lakini ni lazima tuseme na upande wa pili, kwa sababu historia si ya kujisifu tu. Njia za jangwani ni tambarare, magari yanafuata pembeni, na kasi ikapanda kufikia kilomita 25 kwa saa na zaidi, kwa masafa yale yale ambayo Robie aliyapita kwa kuparamia mlima. Farasi wakavunjika miguu, wengine wakafa, na mwezi Machi 2015 FEI ikasimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa ajili ya masuala ya hali ya farasi na ukiukaji wa kanuni, kabla ya kulirudisha mwaka huo huo. Kwa Waislamu wenye riwaya zile za Madina vitabuni mwao, hilo liliuma.

Palikuwa na waliolitengeneza kutoka ndani. Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan, aliyefariki mwaka 2019, aliweka kanuni zake katika kijiji cha Bouthib, Abu Dhabi. Mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa, na kituoni mapigo ya moyo yashuke mpaka 56, wakati kiwango cha FEI ni 64. Hakupunguza masafa hata kidogo. Alipunguza haraka. Wapandaji wengi walinung'unika mwanzoni, kisha wakaonekana farasi wengi zaidi wanafika mwisho wakiwa wazima.

Haya yote tuliwaeleza watoto kwa Ijumaa mbili, kwa ramani ya chaki ubaoni, Hafyaa juu, Thaniyya katikati, msikiti chini. Mwishoni ustadh akamgeukia yule kijana akamuuliza, kama angekuwepo Madina siku ile angetaka kupanda katika mbio ipi. Tulidhani atasema ndefu. Akafikiri, akasema fupi, kwa sababu huko ndiko alikokuwa yule farasi aliyeruka.